Mawese, Mjonso na Kidonge: Je, Mmea Unaweza Kutukinga na Saratani?

(Mhadhara kwa wananchi, Mwanga, Kigoma. Umeandikwa kama ulivyotolewa, pamoja na maswali ya mwisho.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, walimu, vijana, habari za jioni. Na nyinyi wauza dawa za asili mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nimewaona. Msiondoke mapema, leo sikuja kugombana na mtu.

Nimeombwa nizungumzie viambata vya mimea na kinga ya saratani. Kwingine mada hii huanza na chai ya kijani ya Wachina. Hapa Kigoma tuna haki ya kuanza na mawese.

Ile rangi nyekundu ya mawese ni karotini, kemikali za ukoo uleule unaolipa embe na boga rangi yake. Kilo moja ya mawese ghafi ina miligramu 500 hadi 700 za karotini, na sehemu kubwa yake ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mchikichi kwa jambo hili hauna mpinzani wa karibu. Sasa naomba muishike hiyo beta-karotini, kwa sababu ndiyo iliyowapa wataalamu wa fani hii somo chungu kuliko yote.

Mwaka 1981 kundi la watafiti, akiwamo Richard Peto na Richard Doll wa Uingereza, waliandika wakiuliza kama beta-karotini ya kwenye chakula inaweza kupunguza saratani. Hawakuuliza hewani. Uchunguzi mwingi ulikuwa umeonyesha kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi, wenye karotini nyingi kwenye damu, wanapata saratani ya mapafu kwa uchache. Na Doll si mtu wa kubahatisha. Huyu ni mmoja wa waliothibitisha kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu. Basi kila mtu akaona njia imenyooka: toa karotini kwenye mmea, itie kwenye kidonge, wape watu walio hatarini.

Wafini wakafanya hivyo. Waliandikisha wanaume wavutaji sigara 29,133, wa miaka 50 hadi 69. Wengine walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, wengine vidonge vya sura ileile visivyo na kitu, na hakuna aliyejua anameza kipi. Wakafuatiliwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Zaidi, jamani. Si pungufu.

Watu walidhani ni bahati mbaya ya takwimu. Lakini Marekani kulikuwa na jaribio jingine linaendelea, la watu zaidi ya 18,000, wavutaji na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Januari 1996 lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliokuwa wanameza beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi, na vifo kwa asilimia 17 zaidi. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba ndani ya pafu lililozoea moshi, beta-karotini ikiwa nyingi kupita kiasi huvunjika vibaya, na vipande vyake vinachochea seli badala ya kuzituliza.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema daktari wa dawa kasema mawese yanaleta kansa. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese ghafi kina miligramu nne au tano hivi za beta-karotini, na zinaingia mwilini pamoja na dagaa, majani ya muhogo na ugali, si peke yake tumboni asubuhi. Hakuna jaribio lililokishtaki chakula. Kilichoshtakiwa ni kidonge, tena kwa mvutaji.

Na tukiwa bado jikoni, niseme hili kwa akina mama. Mara nyingi nimesimama nikitazama namna tunavyopika. Mawese yanatiwa kwenye sufuria, moto unakolezwa, rangi inaanza kupauka kutoka nyekundu kuwa ya chungwa, kisha manjano, moshi unapanda mpaka macho yanawasha, ndipo kitunguu kinatiwa. Hapo karotini yote imekwisha kuungua. Mmeondoa harufu, ni kweli, na mmeondoa pia kile ambacho mtoto wenu angekitumia kwa macho yake. Kolezeni moto kidogo, kitunguu kiingie mapema. (Moyo nao una madai yake: karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda, kwa hiyo kijiko kibaki kijiko.)

Twende Mahale. Ni mkoa huuhuu wetu, ziwani kusini, nanyi mnajua sokwe wa kule wanavyofuatiliwa na Wajapani tangu miaka ya sitini. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa porini pamoja na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayezijua dawa za kwao. Wakamkuta sokwe jike mgonjwa, mnyonge, tumbo halimkai sawa. Akaenda kwenye mti ambao Watongwe wanauita mjonso, na majirani zetu Warundi wanauita umubirizi. Akavunja chipukizi, akamenya gome akatupa, majani akatupa, akabaki na moyo wa kijiti tu. Akautafuna, akafyonza maji yake machungu, nyuzi akatema. Mzee Kalunde ndiye aliyemwambia Huffman kwamba hiyo ni dawa kali, watu wa kwao wanaitumia kwa tumbo. Siku iliyofuata sokwe yule alikuwa na nguvu zake.

Kisa hiki kimezunguka dunia nzima, ila mara nyingi kinasimuliwa bila kueleza kwa nini sokwe alitupa majani. Majani na gome la mjonso vina kiambata kinachoitwa vernodalini, na ni sumu. Mwaka 1969, miaka 18 kabla ya siku ile ya Mahale, mkemia S. Morris Kupchan na wenzake huko Marekani walikuwa wamekwisha kutoa vernodalini kwenye mti huohuo na kuonyesha kwamba inaua seli za saratani kwenye maabara. Basi sokwe anatupa kile ambacho mkemia anakitafuta. Na wote wawili wana akili, kwa sababu kila mmoja ana shida yake: sokwe ana minyoo na anataka kuishi kesho, mkemia anatafuta kitu cha kuua seli.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapotapeliwa. Kutibu saratani na kuizuia ni kazi mbili tofauti kabisa. Mwenye saratani tayari anapewa sumu, tena sumu iliyopimwa, kwa sababu bila hiyo atakufa, na madhara tunayavumilia. Lakini kinga anapewa mtu mzima wa afya, labda kwa miaka 20. Kati ya watu 100 unaowapa, wengi wasingeugua hata ungewaacha. Kitu unachowapa lazima kiwe karibu na kutokuwa na madhara kabisa, la sivyo unawaumiza wengi kwa ajili ya wachache. Michael Sporn, Mmarekani aliyeipa fani hii ya kuzuia saratani kwa dawa jina lake mwaka 1976, ni mmoja wa walioandika lile swali la 1981. Miaka 13 baadaye jibu likatoka Ufini.

Upande wa tiba, mimea imetushindia kwa kishindo. Mnayajua yale maua madogo ya petali tano, ya waridi au meupe, yanayoota uani bila kumwagiliwa? Asili yake Madagaska. Jamaika watu walikuwa wanachemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Mgonjwa mmoja akayatuma kwa daktari Kanada, yakafika kwa Robert Noble na mwenzake Charles Beer. Wakawanywesha panya: sukari haikushuka. Wakawadunga: panya wakafa kwa maambukizi, kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Mtu mwingine angetupa majani. Wao wakajiuliza, kama kitu hiki kinashusha chembe nyeupe, je, mtoto mwenye saratani ya damu, ambaye chembe zake nyeupe zimefurika? Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini, na baada yake watafiti wengine wakatoa humo vinkristini, ambayo mpaka leo inawatibu watoto wenye saratani ya damu na wenye uvimbe wa taya aliouelezea Denis Burkitt pale Uganda.

Lakini sikilizeni vipimo. Inahitajika kama nusu tani ya majani makavu kupata gramu moja ya vinblastini. Na mtu mzima kwa kawaida hadungwi zaidi ya miligramu mbili za vinkristini kwa mara moja. Zikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, zinaua. Kwa hiyo anayekwambia uchemshe maua ya uani unywe ili usipate kansa, anakupa nini hasa? Dawa humo haitoshi kutibu, na sumu ipo ya kutosha kukusumbua.

Stafeli sasa. Najua mmeingoja, maana simu zenu zimejaa ujumbe kwamba majani ya mstafeli yana nguvu mara elfu kumi kuliko tiba ya kemikali. Hiyo elfu kumi ilitoka maabara, kwenye kisahani chenye seli. Wazee wangu, kwenye kisahani kitu chochote kinashinda. Hata gongo ukiimwaga mle, seli zote za saratani zitakufa palepale, na gongo hiyohiyo ikipita kooni mwa mtu miaka na miaka ni chanzo cha saratani. Kutoka kwenye kisahani unakwenda kwa panya, kutoka kwa panya unakwenda kwa watu wachache, kisha kwa maelfu, kwa miaka. Majani ya stafeli hayajaivuka safari hiyo. Kilichovuka ni onyo: kisiwa cha Guadeloupe madaktari walikuta watu wengi kuliko kawaida wana ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, na wengi wao walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani yake. Ripoti ilitoka 1999. Kiambata kinachoshukiwa, anonasini, ndicho hichohicho kinachosifiwa kwa kuua seli. Tunda ukila kwa msimu, kula kwa raha zako. Majani kila asubuhi, mimi siyanywi.

Na asitokee mtu akasema cha asili hakidhuru. Tumbaku ya majirani zetu wa Tabora ni mmea. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Ubelgiji, wanawake walipewa dawa za mitishamba za kupunguza unene ambamo kuliingia mmea wa jamii ya aristolokia. Figo zikafa, kisha wengi wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Je, hakuna hata kimoja kilichofaulu kuzuia? Kipo, na kiko dukani kwa mangi kwa bei ya pipi. Aspirini. Asili yake ni dawa ya kale ya gome la mti uotao kando ya mito ya Ulaya. Wakemia waliibadilisha kidogo mwaka 1897. Kuna watu wanaorithi hitilafu iitwayo Lynch, ambao hatari yao ya saratani ya utumbo mpana ni kubwa sana. Watu 861 wa namna hiyo waligawanywa, nusu wakapewa miligramu 600 za aspirini kila siku kwa miaka miwili hivi. Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Walipoendelea kufuatiliwa, tofauti ikajitokeza: baada ya miaka kumi, waliopata saratani ya utumbo ni asilimia 9 kwa waliokunywa aspirini na 13 kwa wasiokunywa. Hicho ndicho kipimo cha ushindi wa kweli, wazee. Hakina kelele, kimechukua miaka, na kinawahusu watu maalumu. Aspirini inatoboa tumbo na kuvujisha damu, kwa hiyo msikimbilie dukani.

Kilichonifurahisha zaidi kwa watu haohao ni unga. Wengine kati yao walipewa gramu 30 kwa siku za wanga usiomeng'enywa, ule unaopita tumboni bila kuguswa mpaka utumbo mpana. Uko kwenye ndizi zisizoiva sawasawa, maharage, viazi vilivyopoa. Matokeo ya muda mrefu yalitoka 2022. Saratani ya utumbo mpana haikupungua hata kidogo, ila saratani nyingine, hasa za tumbo na sehemu za juu za njia ya chakula, zilipungua kwa karibu nusu. Nani angetegemea? Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda, la 2015: Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa kijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani wakala nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, utumbo wao ukatulia, na bakteria zao zikaanza kutengeneza butireti kwa wingi, kemikali inayolinda ukuta wa utumbo. Wa kijijini wakala baga na chipsi, mambo yakageuka kinyume. Wiki mbili! Hawakupimwa kansa, zilipimwa dalili za mwelekeo, lakini ukiangalia sahani ya Kasulu au Buhigwe, ndizi na maharage, unaona kwamba watoto wetu wanakimbia kitu ambacho wenzao wanalipia.

Kabichi nitaipita haraka. Ina kiambata kinachozalishwa pale tu unapoikata au kuitafuna, kwa sababu kimeng'enya chake kiko chumba kingine cha seli. Ukiichemsha kabla ya kuikata, au ukaichemsha mpaka inanuka, kimeng'enya kimekufa. Ikate, iache kidogo, ndipo uipike, au uile mbichi kwenye kachumbari. Manjano nayo yamechunguzwa katika majaribio mengi kwa watu na hayajatoa dawa, mwili hauyafyonzi. Wajanja wanayachanganya na pilipili manga ili yafyonzwe, na sasa kuna wagonjwa walioumia ini kwa vidonge hivyo. Pilau halina neno.

Maswali. Haya, mama wa gauni la kijani.

(Swali: mama mfanyabiashara aliuliza kuhusu karanga zenye ukungu, kama kuna mboga ya kula ili kuiondoa sumu yake.)

Swali zuri sana, maana limejaribiwa. Sumu hiyo ni aflatoksini, inatoka kwenye ukungu wa karanga na mahindi, na inaleta saratani ya ini. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu 20 kati ya 68 waliougua, tena hapo si kwa kansa, ni kwa sumu kali ya siku chache. China, wilaya ya Qidong, watu 180 walipewa klorofilini, kitu kinachotokana na rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 kila mlo kwa miezi minne. Inainasa aflatoksini tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Alama za sumu kwenye mkojo zilishuka kwa asilimia 55. Safi, sivyo? Lakini huko huko Qidong saratani ya ini ilishuka sana kwa sababu nyingine: watu waliacha mahindi yenye ukungu wakahamia kwenye mchele. Kwa hiyo, mama, anika juu ya turubai au kichanja, si chini. Chambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, tupa. Usiisage ukaiuza kama unga wa karanga, maana najua ndiko zinakopelekwa. Kukaanga hakuiondoi yote. Na mtoto apate chanjo ya homa ya ini B, kwa sababu aflatoksini na kirusi hicho vikikutana kwenye ini moja, hatari inazidishwa.

(Swali: kijana aliuliza kuhusu dada yake anayepata tiba ya saratani Dar es Salaam na huku anakunywa majani aliyotumiwa na shangazi.)

Usimkaripie, wala usimkaripie shangazi. Ametuma kwa mapenzi. Mwambie dada ayabebe majani hayo kwenye mfuko, amwonyeshe daktari wake. Dawa nyingi za saratani huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na mmea unaweza kuvizuia au kuvichochea. Vikizuiwa, dawa inarundikana mwilini mpaka inakuwa sumu. Vikichochewa, inaondoka kabla ya kufanya kazi. Yeye ataona amedungwa dozi kamili. Pilipili manga kwenye chakula si tatizo, vidonge vyake ndivyo vya kuogopa.

(Swali la mwisho lilitoka mlangoni. Muuza dawa za asili aliuliza: mjonso auuze au asiuuze?)

Ndugu yangu, nashukuru umebaki. Hiyo kazi umeirithi, na Mzee Kalunde alikuwa mwenzako. Mtu wa tumbo akija, wewe unajua kipimo chako kuliko mimi. Ila kibao chako nimekisoma nilipokuwa napita, kimeandikwa "inazuia kansa aina zote". Hilo neno lifute. Na kuna mteja mmoja nakuomba usimuuzie kitu chochote: mwanamke anayekwambia anatoka damu isiyo ya mwezi wake, au baada ya tendo la ndoa, au ameshakoma hedhi na damu imerudi. Huyo mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, maana damu ya namna hiyo inatakiwa kuchunguzwa na daktari. Na yule asiye na dalili yoyote naye mwambie aende, asisubiri damu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Kipimo chake cha kwanza ni asidi ya siki iliyopimwa, inapakwa, inasubiriwa dakika moja hivi, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, na mabadiliko ya awali yanaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Binti yako ana miaka mingapi? Kumi na moja? Tangu 2024 chanjo ya saratani hiyo ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uliza shuleni kwake kama amekwisha kuipata.